VYOMBO VIPYA NA SISI WENYE KUVISHIKA

(Hotuba ya mwanachama, mkaguzi wa mabehewa, mbele ya wafanyakazi wenzake wa reli walio likizoni na jamaa zao, Jilore)



Reli haifiki Jilore, wala haifiki Malindi, lakini sisi tulioketi hapa tulitoka katika mashamba haya ya kando ya Sabaki tukaenda Mombasa, Mariakani na Voi kutafuta riziki katika reli. Elimu yangu mimi mwaijua: darasa la nane, shule ya misheni, na Kiingereza changu ni cha kazini. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha ufundi wa kompyuta. Nimekuja kusema juu ya jambo moja linalotuhusu sote, nalo ni hivi vyombo vipya vinavyoletwa kazini kwetu, jinsi vinavyoonyeshwa, na nani huulizwa kabla ya kuletwa.

Juzi jioni mpwa wangu aliye chuoni alinijia na simu yake, akaniambia, "Mjomba, njoo uone maajabu." Alinionyesha picha za mkutano uliofanyika Marekani, katika jimbo la California, tarehe 17 Septemba mwaka 2025. Kampuni ya Meta, wenye Facebook na WhatsApp, huita mkutano kama huo kila mwaka. Hualika watu wanaounda programu, kisha mkuu wa kampuni husimama jukwaani na kuwaonyesha vyombo vipya, ili wao nao waende wakatengeneze programu za kutumika humo.

Safari hiyo Bwana Mark Zuckerberg alionyesha miwani. Kwa nje ni miwani kama ya mwalimu, lakini ndani ya kioo cha jicho moja mna kioo kidogo sana cha kuonyesha maandishi na picha, na pamoja nayo huvaliwa bangili mkononi. Bangili hiyo husikia misuli ya mkono inavyokaza, hata mtu akigusanisha vidole viwili tu miwani huelewa amri yake. Bei yake ilitajwa kuwa dola 799.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mpishi mmoja alivaa miwani ya namna nyingine ya kampuni hiyo hiyo, akaiomba imfundishe kupika mchuzi. Meza ilikuwa tayari, viungo viko mbele yake. Aliuliza aanze na nini. Miwani ikamjibu kwamba amekwisha kuchanganya viungo vya kwanza, na hali bakuli lilikuwa tupu! Akauliza tena, jibu likawa lile lile. Watu wakacheka, na lawama ikatupiwa mtandao wa ukumbini. Baadaye Bwana Zuckerberg mwenyewe alitaka kupokea simu ya picha kwa ile bangili. Simu ikaita, ikaita tena, asiweze kuipokea, na ulimwengu wote unamtazama.

Mpwa wangu alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka yaliyonipata mimi. Nitayasema baadaye. Kwanza nataka mjue kwa nini vyombo vile vilishindwa, maana sababu yake ina mafunzo.

Mkuu wa ufundi wa kampuni hiyo, Bwana Andrew Bosworth, alieleza baada ya siku chache kwamba kosa halikuwa la mtandao wa ukumbini. Mpishi alipotamka maneno ya kuamsha miwani yake, miwani yote ya namna ile iliyokuwamo katika jengo iliyasikia, ikaamka pamoja. Yote ikaanza kupeleka kazi kwa kompyuta moja waliyoitenga kwa maonyesho, nayo ikalemewa. Walipofanya mazoezi hapakuwa na miwani mingi kiasi kile jengoni, kwa hiyo kosa halikuonekana. Na ile simu ilikataa kwa sababu kioo cha miwani kililala dakika ile ile simu ilipoingia.

Ndugu zangu, hebu fikirini. Watu wale ni mafundi wakubwa. Wana fedha, wana umeme usiokatika, walikuwa na muda wa mazoezi, na jengo ni lao wenyewe. Na hata hivyo chombo kiliwaaibisha walipokitoa chumbani mwa mazoezi na kukileta penye watu wengi. Je, kitakuwaje kikifika katika stesheni ndogo ya nyika ya Taru, saa nane ya usiku, mkononi mwa mtu mmoja mwenye tochi?

Tena msidhani hii ni mara ya kwanza. Tarehe 27 Juni mwaka 2012, kampuni ya Google iliita mkutano wake wa waundaji programu mjini San Francisco. Bwana Sergey Brin alitaka kuonyesha miwani yao iliyoitwa Glass. Basi watu walijirusha kwa miavuli kutoka chombo cha angani, wamevaa miwani hiyo, na waliokaa ukumbini wakaona yale yale waliyokuwa wakiyaona wale warukaji. Makofi yalikuwa mengi mno. Wenye kutaka walijiandikisha kuinunua kwa dola 1,500.

Lakini miwani ilipofika mitaani, watu waliwaogopa wenye kuivaa, kwa maana hukujua kama mwenzako anakutazama tu au anakupiga picha. Januari mwaka 2015 mauzo yale yalisimamishwa. Mwaka 2017 miwani ilirudi, na safari hii haikupelekwa kwa matajiri wa mjini. Ilipelekwa viwandani na maghalani, ivaliwe na wafanyakazi. Na mwezi wa Machi mwaka 2023 kampuni ikaacha kuiuza kabisa. Shikeni neno hilo: chombo walichokikataa wanunuzi mitaani kilitafutiwa mfanyakazi. Mnunuzi akikataa, huacha fedha yake mfukoni. Mfanyakazi akipewa chombo na mwajiri wake, atakiacha wapi?

Sasa nitasema habari yangu. Mahali sitapataja, wala mtu sitamtaja, kwa maana sikuja kushitaki mtu.

Siku moja tuliitwa katika karakana, tukapangwa chini ya paa. Wageni walikuja na tableti mpya za ukaguzi. Mgeni mmoja alisimama mbele ya behewa lililooshwa vizuri, akaielekeza tableti kwenye namba ya behewa, nayo ikaisoma mara moja. Akagusa hapa, akagusa pale: breki nzuri, magurudumu mazuri, beringi nzuri, kulabu nzuri. Dakika mbili, kazi kwisha, na habari imefika ofisini papo hapo. Tulipiga makofi. Mimi nami nilipiga. Kisha tukapewa karatasi ya kutia sahihi kwamba tumefundishwa, na mimi nikatia. Mafunzo yenyewe yalikuwa nusu saa, na chombo chenyewe nilikishika muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Baada ya wiki chache nilikuwa katika stesheni ya mbali. Garimoshi la mizigo liliingia usiku. Namba za mabehewa zilikuwa zimejaa vumbi na nyingine rangi imebanduka, kwa hiyo tableti haikuzisoma, nikaziandika kwa kidole moja moja. Mtandao haukuwapo. Nilipofika behewa la katikati nilisikia harufu ya grisi iliyoungua. Yeyote aliyefanya kazi hii anaijua harufu hiyo. Nikaweka tableti chini, nikapeleka mkono karibu na beringi, nikausikia moto kabla sijaigusa. Nikamwita dereva, behewa likatolewa katika garimoshi. Ndugu, beringi ikipata moto namna ile na garimoshi likaendelea, ekseli yaweza kukatika, na ekseli ikikatika mabehewa yataacha njia. Hayo mwayajua, wala sina haja ya kuyaeleza zaidi.

Basi, mwisho wa mwezi nilipata barua. Nilidhani ni ya shukrani. Ilikuwa barua ya onyo! Tableti iliandika kwamba kila behewa lina dakika zake, na kwamba mimi nilizidi sana kwenye garimoshi lile. Tena ilionyesha kwamba kwa muda fulani sikuwa "kazini", na muda huo ndio niliokuwa nimeweka chombo chini nikishughulika na ile beringi. Harufu ya grisi haina mahali pa kuandikwa katika tableti. Nilikwenda kujieleza, nikaambiwa, "Lakini ulitia sahihi kwamba umefundishwa."

Barua ile ilifutwa baada ya mjumbe wetu wa chama kunisindikiza na dereva kutoa ushahidi. Lakini haya ndiyo yanayonikosesha usingizi: wiki iliyofuata nilimwona kijana mmoja mpya, mtu mwema na hodari, anapita haraka kando ya mabehewa akigusa "nzuri, nzuri, nzuri" bila kuinama. Nilipomwuliza, alinijibu, "Kaka, nami sitaki barua." Hapo ndipo penye hatari. Chombo kilicholetwa ili kuzidisha usalama kilimfundisha mtu kutokutazama.

Sasa mtu ataniuliza, je, wataka turudi kwenye taa ya mafuta na daftari? La, hasha! Reli yenyewe ni chombo kipya kilichokuwa maajabu ya zamani. Mimi napenda vyombo vizuri. Nataka tu tukumbuke jinsi vyombo vyetu vizuri vilivyopatikana.

Mathalani breki ya hewa, ambayo kila mmoja wetu hapa ameikagua. Bwana George Westinghouse wa Marekani aliianza mwaka 1869 kwa magari ya abiria. Lakini kwa mabehewa ya mizigo watu waliendelea kutembea juu ya mapaa ya mabehewa yanayokwenda, usiku na katika barafu, wakizungusha breki kwa mikono, na wengi walianguka wakafa. Mwaka 1886 wenye kutengeneza breki waliitwa mahali paitwapo Burlington, katika jimbo la Iowa, ili breki zao zijaribiwe mbele ya watu wa reli. Huo nao ulikuwa mkutano wa kuonyesha vyombo vipya kama ule wa California, lakini tazameni tofauti yake. Hapakuwa na jukwaa. Palikuwa na garimoshi halisi la mabehewa 50 ya mizigo, likishuka mteremko halisi.

Na breki zilishindwa. Za mbele zilishika kabla ya za nyuma, mabehewa ya nyuma yakayagonga ya mbele kwa kishindo kikubwa. Mwaka 1887 wakajaribu tena, mshtuko ukawapo bado. Bwana Westinghouse alirudi karakanani, akaibadili valvu yake, na kabla ya mwaka ule kwisha garimoshi la mabehewa 50 lilisimama vizuri. Breki ile ikawa nzuri kwa sababu ilijaribiwa kwa uzito wake wa kweli, na aibu yake ikaonekana mapema, kabla haijaua mtu.

Lakini hata hapo wafanyakazi hawakupona. Palikuwa pia na kulabu inayojifunga yenyewe, iliyobuniwa na Bwana Eli Janney na kuandikishwa serikalini mwaka 1873. Kabla yake mtu alisimama katikati ya mabehewa mawili kuingiza pini kwa mkono, na wengi walipoteza vidole, au maisha. Chombo cha kuwaokoa kilikuwapo, ila wenye reli wengi waliona gharama. Bwana mmoja, Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa, alizunguka miaka mingi akidai sheria, na vyama vya wafanyakazi wa reli navyo vikadai. Sheria ilitiwa sahihi tarehe 2 Machi mwaka 1893. Hesabuni wenyewe: tangu 1873 mpaka 1893 ni miaka 20. Fundi alibuni, lakini ni madai ya watu yaliyokifikisha chombo mikononi mwa aliyekihitaji.

Wala tusidhani mambo mema hutoka Marekani peke yake. Hapa kwetu tuna M-Pesa, ambayo leo mama muuza samaki wa Malindi huitumia bila kufikiri. Mwaka 2005 ilijaribiwa kwa wateja mia chache tu wa shirika la mikopo, Nairobi na Thika. Waliobuni walikusudia itumike kulipia mikopo midogo. Lakini walipowatazama watumiaji, waliona wanaigeuza kwa haja zao: huyu anampelekea mwenziwe fedha, yule anaweka fedha humo asije akaibiwa njiani. Wabunifu wakawasikiliza. Ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi mwaka 2007, kazi iliyotangazwa ilikuwa ni kutuma pesa nyumbani. Watumiaji waliulizwa, nao wakakitengeneza chombo pamoja na mafundi.

Kuna neno moja zaidi ambalo jukwaani halisemwi. Tuonapo chombo kinachojibu kama mtu, tunaambiwa kwamba ni akili ya mashine. Lakini nyuma ya mashine mna watu. Wengine wako Nairobi, vijana wetu, wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa wakitazama picha na maneno machafu, ili mashine zijifunze kuyatambua na sisi tusiyaone. Gazeti la TIME la Marekani liliandika Januari mwaka 2023 kwamba wafanyakazi wa Kenya waliosaidia kuifunza ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huo, Sikukuu ya Wafanyakazi, zaidi ya 150 waliofanya kazi kama hizo kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hao ni ndugu zetu. Wao wako upande mmoja wa chombo na sisi upande wa pili, na katikati yupo mtu jukwaani anayepigiwa makofi.

Basi tufanye nini? Mimi naleta mambo manne, nayaomba yaandikwe na kupelekwa kwa tawi letu.

La kwanza: chombo chochote kipya cha kazi kijaribiwe mahali pa kazi penyewe, usiku na mchana, katika mvua na katika vumbi, mahali penye mtandao na pasipo na mtandao, na watakaokitumia wawe ndio wanaokijaribu. Mpaka majaribio yaishe, pasitolewe barua ya onyo kwa sababu ya chombo hicho.

La pili: mwandiko wa mashine usiwe shahidi wa peke yake juu ya mtu. Hili si ombi la huruma. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye awe na haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama pale. Jueni vifungu hivyo viwili kama mnavyojua namba zenu za kazi.

La tatu: tuambiwe chombo kinaandika nini juu yetu, nani anayasoma, na yanawekwa kwa muda gani. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2019 inatupa haki ya kujua habari zetu zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kudai zisahihishwe zikiwa za uongo.

La nne: mafunzo yawe kwa Kiswahili, yawe ndani ya saa za kazi, na yawe ya kutosha. Na hili ni letu wenyewe: mtu asitie sahihi kwamba amefundishwa kama hajafundishwa. Mimi nilitia, na sahihi yangu ikageuka kuwa mjeledi wa kunipigia. Kosa lile nalikiri mbele yenu.

Namalizia. Mama yangu yuko hapa, ataniwia radhi. Nilipokuwa mdogo nilifuatana naye kununua chungu. Muuzaji alikisifu chungu chake kwa maneno mengi. Mama hakubishana naye. Alikigonga kwa kidole akasikiliza, akaomba maji akakijaza, akakaa kitako na kungoja aone kama kitavuja. Muuzaji mwenye chungu kizuri hakukasirika. Wazee wetu pia walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukiwasifu wenye vyombo kabla ya kuvijaza maji, tutakuja kunywa maji na kulipa bei ya tembo.

Yule kijana aliyeniambia hataki barua yuko kazini usiku huu. Mnaoyaunga mkono mambo haya manne, nawaomba mnyoshe mikono, Katibu ahesabu.